Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Vibali, Mikataba na Migogoro ya Ujenzi Tanzania

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaojenga nyumba ya kwanza, wapangaji wa maghorofa, mafundi wanaodai hela zao na makandarasi wadogo wanaokimbizana na zabuni. Majibu yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na ujenzi, na Kenya nimeigusa pale tu inapotufundisha kitu.

Nina kiwanja na ramani tayari. Naweza kuanza msingi huku kibali kikishughulikiwa?

Usianze. Najua mvua iko njiani, fundi anasema akipata kazi nyingine hatarudi, na bei ya nondo haieleweki. Hata hivyo msingi uliochimbwa bila kibali unampa afisa wa halmashauri sababu ya kukusimamisha siku yoyote, na siku hiyo huwa ni ile ambayo mifuko ya saruji imeshafika saiti.

Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri ya eneo lako, chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 na kanuni za udhibiti wa uendelezaji za mwaka 2008. Kwa kawaida utatakiwa kuonyesha uthibitisho wa umiliki, michoro ya msanifu majengo na, kwa ghorofa, michoro ya mhandisi wa majengo. Halmashauri nyingi sasa hupokea maombi mtandaoni kwa mfumo wa serikali uitwao TAUSI, kwa hiyo habari ya kumtafuta mtu wa kukupitishia faili imepungua. Bado watu wanapigwa na vishoka, kwa hiyo lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali tu, kamwe usilipe kwenye simu ya mtu.

Kabla ya yote hayo, fanya upekuzi wa kiwanja kwenye ofisi ya ardhi. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa inathibitisha kwamba mliuziana. Haithibitishi kwamba aliyekuuzia alikuwa na haki ya kuuza, wala kwamba kiwanja hakiko kwenye eneo la shule, soko au hifadhi ya barabara.

Nyumba imewekewa alama ya X ya kubomolewa. Nitalipwa fidia?

Inategemea umejenga wapi na lini. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Aliyekuwa amejenga kihalali katika zile mita 7.5 zilizoongezwa ana hoja ya kulipwa, kwa sababu sheria ndiyo iliyomfuata. Aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani huhesabiwa kuwa amemfuata barabara nyumbani kwake. Ndiyo maana mitaa mingine utaona X nyekundu na X ya kijani kwenye safu moja ya nyumba. Ya kijani kwa kawaida ni ya anayesubiri fidia.

Bomoabomoa ya mwaka 2017 kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kibaha, iliwakuta watu waliokuwa na hati, mita za umeme na risiti za kodi ya majengo. Hilo ndilo lililoumiza zaidi. Kwa mtazamo wangu, serikali inayokubali kodi ya nyumba kwa miaka mingi haiwezi kuamka asubuhi na kusema haikujua kwamba nyumba ipo. Lakini wewe unayenunua leo usisubiri huruma hiyo. Nenda TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, au TARURA kwa barabara za wilaya na mitaa, wakupimie kabla hujalipa.

Kuna mpaka mwingine unaosahaulika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa au kingo za mto. Wakazi wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, wanaijua sheria hii kwa machungu.

Fundi, mkandarasi, mhandisi, mkadiriaji: nani anafanya nini?

Msanifu majengo anachora nyumba ikae vipi. Mhandisi anakokotoa nondo, nguzo na msingi vibebe nini. Mkadiriaji majenzi anapima kazi na kuandaa jedwali la vipimo na gharama. Mkandarasi ni kampuni inayochukua dhamana ya kujenga. Wasanifu na wakadiriaji husajiliwa na bodi ya AQRB, wahandisi na ERB, makandarasi na CRB, bodi iliyoundwa kwa sheria namba 17 ya mwaka 1997. Makandarasi wa majengo hupangwa kwa madaraja, kuanzia la saba hadi la kwanza, na kila daraja, isipokuwa la kwanza, lina ukomo wa thamani ya kazi. Muulize daraja lake, kisha hakikisha mwenyewe kwa bodi kama usajili wake uko hai.

Fundi mwashi mzuri ni hazina. Nyumba ya chini, anaweza kukusimamishia boma lililonyooka kuliko kampuni yenye ofisi ya vioo. Ghorofa ni habari nyingine kabisa, na hapo uzoefu wa macho hautoshi.

Tumeelewana na fundi kwa mdomo. Huo ni mkataba?

Ndiyo. Sheria ya Mikataba haidai kila makubaliano yaandikwe. Tabu inaanza pale mnapogombana: wewe unakumbuka kwamba bei ilikuwa hadi lenta (zege la juu ya madirisha na milango), yeye anakumbuka hadi kozi, yaani mstari wa tofali, ya mwisho juu ya lenta, na mjomba aliyekuwepo siku ile ameshahamia Tunduma.

Karatasi moja inatosha. Nimeona mikataba ya kurasa arobaini iliyonakiliwa kutoka mtandaoni ambayo haisemi nani ananunua maji. Andikeni kwa lugha mnayoelewa wote wawili, kwa mfano:

"Fundi atajenga boma la vyumba vitatu kwa mujibu wa ramani iliyosainiwa leo, kuanzia kupanga tofali la kwanza juu ya jamvi hadi kumaliza mkanda. Malipo ni ya ufundi tu. Vifaa vyote, maji na mbao za kufungia zege vitanunuliwa na mwenye nyumba. Fundi atalipa saidia fundi wake. Malipo yatakuwa ya awamu nne: kufika usawa wa madirisha, kumwaga lenta, kumwaga mkanda, na kukabidhi. Kazi yoyote ya nyongeza itaandikwa na kukubaliwa bei kabla ya kufanywa. Sehemu ya kumi ya malipo yote itabaki kwa mwenye nyumba kwa miezi mitatu ili fundi arekebishe kasoro, kisha atalipwa."

Sentensi ya kazi za nyongeza ndiyo inayookoa urafiki. Ugomvi mwingi wa saiti hauhusu bei ya awali. Unahusu choo cha nje kilichoongezwa Jumamosi moja kwa neno "tutaelewana". Kama kusaini karatasi kunaonekana ni kukosana adabu, tumieni ujumbe wa simu: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa aina hiyo kupokelewa mahakamani kama ushahidi. Usifute mazungumzo yenu ya WhatsApp.

Kwa nini nyumba humaliza hela kabla ya kupaua?

Kwa sababu makadirio mengi ni ya boma, na boma ni sehemu ndogo ya nyumba. Mbao, bati, dari, madirisha ya aluminiamu, umeme, mabomba, shimo la choo na vigae vinakuja vikiwa vimebeba bei kubwa, wakati ambapo mtu ameshachoka mfukoni. Zunguka pembezoni mwa Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza utaona maboma yaliyoota nyasi ndani.

Bei nazo zinapanda kwa sababu zisizo za fundi wako. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka ushuru wa bidhaa wa shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, yaani shilingi 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Ushindani wa viwanda nao ni suala la sheria: mpango uliotangazwa mwaka 2021 wa wamiliki wa saruji ya Twiga kuinunua Tanga Cement, wenye saruji ya Simba, ulizuiwa na Baraza la Ushindani mwaka 2022, ukarudi tena mezani, na mwishowe hisa zikaishia kwa kampuni ya Kitanzania ya Amsons mwaka 2024. Mwaka huohuo Amsons ikainunua kampuni ya saruji ya Bamburi ya Kenya. Anayenunua mifuko kumi kwenye duka la vifaa Mbagala hashiriki vikao hivyo, ila anavilipia.

Nitajuaje kama zege ni zima, na mimi si mtaalamu?

Uwepo siku ya kumwaga. Hilo peke yake ni nusu ya kazi.

Angalia nondo kabla hazijafunikwa. Tuseme mchoro unasema nguzo ina nondo nne za milimita 16 na ringi, yaani vyuma vyembamba vinavyozungushia nondo, za milimita 8 kila sentimita 20. Chukua futi kamba upime nafasi kati ya ringi na ringi, hasa karibu na msingi na karibu na boriti, maana huko ndiko ringi hutakiwa kukaribiana na ndiko mafundi huziacha mbalimbali. Angalia kama kuna vipande vidogo vya zege, mafundi huviita biskuti, vinavyotenganisha nondo na mbao. Visipokuwepo, nondo zitagusa mbao na baadaye zitabaki wazi kwa unyevu na kutu. Kwa sisi wa pwani hili ni kubwa. Mchanga wa ufukweni usiuguse kabisa: chumvi yake inakula nondo kutoka ndani, na utajua tu pale zege litakapopasuka kwa mstari ulionyooka kufuata chuma.

Kisha tazama maji. Saidia fundi hupenda zege jepesi kwa sababu linabebeka na kumiminika bila shida. Kila ndoo ya maji isiyo kwenye hesabu inapunguza nguvu. Zege linalotiririka kama uji wa mgonjwa halifai kwenye nguzo. Kwa upande mwingine, likiwa kavu mno na lisiposhindiliwa kwa mashine ya kutetemesha, mbao zikifunguliwa utakuta mashimo na kokoto zikining'inia. Fundi atataka kuziba haraka kwa plasta. Mzuie, piga picha, mwite mhandisi kwanza.

Vipimo vya kitaalamu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Siku ya kumwaga hujazwa maboksi ya chuma ya milimita 150 kwa kila upande, kisha vipande vya zege vilivyogandia humo huvunjwa maabara siku ya 7 na siku ya 28. Siku ya 7 zege la kawaida huwa limefikia takriban theluthi mbili ya nguvu yake, kwa hiyo jibu baya huonekana mapema. Vyuo vya uhandisi vina maabara hizi. Kwa nguzo na slebu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, tumia saruji ya daraja la nguvu la 42.5. Ile ya 32.5 iache kwa matofali na plasta.

Baada ya hapo mwagilia maji siku 7 bila kukosa, na mirunda iliyoshikilia slebu usiiondoe kwa sababu tu fundi anaitaka kwenye saiti nyingine. Mhandisi ndiye anayesema lini.

Kwa nini maghorofa yetu yanaanguka?

Si kwa sababu sheria hazipo. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Lilikuwa na ghorofa nyingi kuliko zilizoruhusiwa. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa nne Kariakoo lilianguka asubuhi watu wakiwa madukani, na zaidi ya watu 25 wakafariki. Hilo halikuwa jengo jipya. Lilikuwa linatumika, huku kazi za kupanua sehemu ya chini zikiendelea. Serikali iliunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo yote.

Nairobi nako, Aprili 2016, jengo la makazi la Huruma lilianguka usiku wa mvua kubwa na kuua watu wapatao 50. Jengo lilikuwa limeshatajwa kuwa hatari, na watu waliendelea kupangishwa. Kenya ilitumia kanuni za majengo za mwaka 1968 hadi Machi 2025, pale kanuni mpya za taifa za mwaka 2024 zilipoanza kufanya kazi.

Ukiyaweka matukio haya pamoja unaona jambo moja. Kibali hutolewa mara moja, mwanzoni, halafu jengo linaendelea kubadilika bila mtu wa kulifuatilia: ghorofa inaongezwa, nguzo inakatwa ili fremu mbili za duka ziwe moja, shimo linachimbwa chini ili pawe stoo. Kariakoo mita moja ya mraba ina thamani kubwa, na kishawishi cha kuchimba chini hakitaisha kwa semina. Mimi naamini ukaguzi wa majengo yanayotumika uwe wa lazima kila baada ya miaka kadhaa, na matokeo yabandikwe mlangoni ambapo mpangaji na mteja watayasoma. Shirika la Nyumba la Taifa lilizindua upya sera yake ya ubia mwaka 2022 ili majengo ya zamani ya mjini yabomolewe na kujengwa mapya. Hilo ni jema, lakini kila shimo jipya linalochimbwa Kariakoo liko futi chache kutoka msingi wa jirani.

Na kama jirani ndiye anayechimba?

Piga picha kuta zako zote leo, zikiwa na tarehe. Nyufa zikitokea, weka alama kwenye ncha zake uone kama zinakua. Andikia halmashauri barua, ibaki nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Milango ikianza kukwama au ufa kupita kwenye nguzo, toeni watu kwanza, mengine yatafuata.

Niko nje ya nchi, ndugu yangu anasimamia. Nifanyeje nisiumie?

Swali hili linatoka Muscat, Dubai, London, Minneapolis. Usimtwike ndugu mmoja kazi zote tatu: kushika hela, kununua vifaa na kukagua kazi. Hata aliye mwaminifu ataonekana mwizi, kwa sababu saiti inameza hela ndogondogo zisizo na risiti. Lipa vifaa moja kwa moja dukani. Mlipe mkadiriaji au mhandisi aende saiti kila awamu na akutumie ripoti yenye vipimo. Picha ya ukuta uliopakwa rangi haisemi chochote. Omba picha ya msingi wenye futi kamba ndani, na ya nondo kabla ya zege.

Kama umechukua uraia wa nchi nyingine, pata ushauri wa wakili kabla ya kununua. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kilivyotungwa, hakikumruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kuandikisha kwa jina la binamu kumevunja koo nyingi.

Kibarua ameanguka kutoka kwenye jukwaa. Nani analipa?

Mwajiri. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza mwaka 2015, hulipa matibabu na fidia kwa mfanyakazi aliyeumia kazini, na mwajiri ndiye anayechangia. Mfanyakazi hakatwi. OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, nayo inataka eneo la kazi lisajiliwe na lizingatie Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Deiwaka, yaani vibarua wa kutwa, wengi wao hawana karatasi yoyote, na mkandarasi husema "alikuwa mtu wa fundi". Hii ni aibu ya sekta yetu, siisemi kwa kuzungukazunguka. Anayedai mshahara au haki nyingine ana siku 60 kufungua shauri kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyefukuzwa ana siku 30 tu. Siku hizo zinapita haraka kwa mtu anayeuguza mguu.

Fosi akaunti inaua makandarasi?

Huu ni utaratibu wa taasisi ya umma kujenga yenyewe, ikinunua vifaa na kuwalipa mafundi wa eneo husika. Umejenga madarasa na zahanati nyingi kwa gharama ndogo. Mwaka 2021, fedha za kukabiliana na UVIKO-19 zilitumika kujenga madarasa 15,000 kwa muda mfupi. Makandarasi wa madaraja ya chini wanalalamika kwamba kazi walizokuwa wakikulia zimekwenda huko. Wana haki. Na mwalimu mkuu aliyegeuzwa msimamizi wa nondo hana mafunzo ya kukataa zege bovu. Ningependa utaratibu ubaki kwa kazi ndogo za chini, na kila penye nguzo na slebu awepo mhandisi wa halmashauri mwenye jina lake kwenye karatasi.

Sheria mpya ya ununuzi imewasaidia wazawa?

Kwenye karatasi, sana. Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50 zimetengwa kwa kampuni za Watanzania, badala ya bilioni 10 za awali, na zabuni hupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni. Asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi hutengewa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu.

Kinachobaki ni malipo. Mkandarasi anamaliza kipande cha barabara, mshauri anathibitisha, hati ya malipo inapelekwa, kisha kimya. Masharti ya mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ya mwaka 1999 yanampa mwajiri, yaani mwenye mradi, siku 56 tangu mhandisi apokee madai, na zikipita riba inaanza. Mkandarasi mdogo huogopa kudai riba hiyo asije akanyimwa zabuni ijayo, huku benki ikidai ya kwake kila mwezi. Usiogope kuandika. Barua ya kudai iliyotumwa kwa wakati haina matusi, na mikataba mingi hukunyima haki usipotoa taarifa ndani ya siku zilizotajwa.

Fundi amechukua hela akaingia mitini. Niende polisi?

Polisi watakuuliza swali moja la msingi: alikudanganya tangu mwanzo, au alishindwa kazi katikati? Kuvunja mkataba si jinai. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jinai, na lazima uonyeshe uongo uliokufanya utoe hela. Kama alifika, akachimba msingi, kisha akapotea, hilo ni shauri la madai, si la jinai. Mwite mkadiriaji apime kazi iliyofanyika na thamani yake, mpe fundi barua ya madai yenye tarehe ya mwisho, kisha nenda mahakamani. Kwa kiasi kidogo, Mahakama ya Mwanzo inatosha.

Usiweke fundi mpya kabla ya kupima na kupiga picha. Akishapanga kozi tatu juu ya kazi ya mwenzake, hakuna atakayeweza kusema ya nani ni ipi.

Na mgogoro mkubwa wa kampuni kwa kampuni?

Soma kifungu cha migogoro kwenye mkataba wenu. Mingi inataka suala lipelekwe kwanza kwa mwamuzi wa kiufundi, kisha usuluhishi, na Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020 ndiyo inayotawala hatua hiyo. Baraza la Taifa la Ujenzi lina kanuni zake na husaidia kuteua wasuluhishi wanaoijua saiti. Ukikimbilia mahakamani wakati mkataba una kifungu hicho, upande wa pili utaomba kesi isimamishwe, na utakuwa umepoteza muda na ada.

Nina muda gani wa kudai?

Dai la mkataba ni miaka 6 tangu haki ya kudai ilipoanza. Dai la kurejeshewa ardhi ni miaka 12. Ahadi za simu za "vumilia kidogo, mwezi ujao" hazisimamishi hesabu hiyo. Kama mdaiwa anakubali deni, aandike na kusaini kabla muda haujaisha, maana kukiri huko kwa maandishi ndiko kunakoanzisha hesabu upya.